Mwandiko Ule ni Wangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Kibokoni hatujambo, alhamdulillahi. Kusi imeanza kuvuma, mashua nyingi zimelala Bandari ya Kale na samaki amepanda bei. Goti langu li afadhali tangu niache kupanda ngazi za darini.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mara tatu. Unasema huko chuoni mnabishana juu ya mke wa Einstein, wengine wakidai hesabu zilikuwa zake, nawe unaona ni maneno ya watu waliokosa kazi. Kisha, mwishoni kabisa, nikamsikia mkeo nyuma yako akitaja nambari, ukacheka, ukasema, "Huyo ananisaidia tu kuhesabu kaa, Mama." Hilo neno "tu" ndilo lililoninyima usingizi.

Nianze na Einstein, maana nilifundisha sayansi hadi nikastaafu na sipendi jambo lisemwe bila kuchunguzwa. Mileva Marić alikuwa Mserbia, aliyezaliwa 1875. Aliingia chuo cha ufundi cha Zurich mwaka 1896 pamoja na Einstein, yeye mwanamke peke yake katika kundi lao la fizikia na hisabati. Mwaka 1900 Einstein alifaulu mtihani wa mwisho, Mileva akaanguka. Akaurudia 1901 akiwa mjamzito, akaanguka tena. Walioana 1903. Barua zao zilipochapishwa mwaka 1987, watu wakasoma kwamba Machi 1901 Einstein alimwandikia kuhusu "kazi yetu" juu ya mwendo, na hapo ndipo moto ulipowaka. Kuna wanaosema neno "yetu" latosha kuwa ushahidi. Wengine wanajibu kuwa ni neno la mchumba kwa mchumba wake, na kwamba barua za Mileva zilizobaki, nazo ni chache, hazionyeshi kazi ya fizikia ya kiwango kile. Nimewapima, na naona hawa wa pili wana hoja nzito zaidi. Makala za Einstein za 1905, ikiwemo ile ya nadharia ya uhusianifu, zina jina moja, na hakuna karatasi iliyopatikana yenye mkono wa Mileva ndani ya nadharia ile. Siwezi kumtetea mwanamke kwa kumzulia.

Lakini jiulize, ushahidi wenyewe ungetoka wapi? Watu wawili wakikaa meza moja usiku, mmoja akisema na mwingine akisahihisha, ni nani anayeandika kwamba hili limetoka kwako na hili limetoka kwangu? Wote wawili wameshakufa, na watu wamebaki kubishana juu ya neno moja ndani ya barua ya mapenzi. Nakuandikia wewe kwa sababu waliokaa kwenye meza yako bado wako hai.

Tuje karibu na kwetu. Tarehe 17 Julai 1959, kule Olduvai, Tanzania, Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya watu wa kale, alikuwa amelala kambini na homa. Mkewe, Mary, akatoka peke yake na mbwa wake, akaliona fuvu limechomoza kwenye mteremko, meno yake makubwa yakionekana. Akakimbilia gari, akarudi kambini kumwamsha mumewe. Fuvu lile ndilo lililowapa Leakey sifa ya dunia, na umri wake ulipopimwa ulionekana kuwa miaka kama milioni 1.75. Lilipewa jina Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliuita mwambao huu huu ninaokuandikia, na Boise ni bwana aliyegharamia uchimbaji. Nilipokuwa nikifundisha somo hili niliwauliza wanafunzi wangu walitazame lile jina vizuri: pwani yetu imo, mwenye fedha yumo, aliyeliona hayumo. Na ile makala ya kulitangaza, iliyotoka katika jarida la Nature mwezi uliofuata, ina jina la Louis peke yake.

Sisemi Mary alipotea. Kazi ya Laetoli, huko huko Tanzania, zile nyayo za watu wa kale za miaka milioni 3.6 zilizofukuliwa kuanzia 1978, ilikuwa chini yake, na dunia ikamjua kwa jina lake mwenyewe. Lakini yeye alikuwa na korongo zima la kuchimba na umri mrefu wa kuishi. Wangapi walipata hivyo?

Yupo pia mume aliyefanya lililofaa, nawe unamjua. Mwaka 1903 wanasayansi wa Ufaransa walipendekeza tuzo ya Nobel apewe mwanafizikia Becquerel na Pierre Curie, wakamwacha Marie, mkewe Pierre, na hali kazi ya mionzi waliifanya pamoja. Mtaalamu mmoja wa hesabu wa Uswidi, Mittag-Leffler, akamtonya Pierre. Pierre akajibu kwa barua kwamba kama ni kweli anafikiriwa, afikiriwe pamoja na Madame Curie. Barua moja tu, iliyoandikwa kabla mlango haujafungwa. Marie akapata tuzo.

Sasa nikuambie ambalo sijawahi kukuambia.

Kile kijitabu cha babako cha majina ya samaki, ulichokuwa ukikibeba shule kwa fahari, unakikumbuka. Babako, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitoka bara. Samaki aliwajua kwa Kilatini, tena vizuri sana. Lakini akisimama dikoni, pale mashua zinaposhusha samaki, asubuhi, wavuvi walimwambia "changu", naye akaandika changu, basi. Mimi ni binti wa mvuvi wa madema. Nikamwambia hawa si changu mmoja: huyu mwenye doa jeusi ubavuni ni changu doa, na huyu mwenye mdomo uliochongoka ni changu ndomo, na bei zao si moja. Nilikwenda naye dikoni miaka miwili, bamvua na maji mafu, nawe umefungwa mgongoni kwa leso. Yeye alipima urefu kwa rula ya mbao, mimi niliandika. Mama karanga, wale wauza samaki wa kukaanga, walinipa majina ambayo wasingempa mwanamume wa ofisini, kwa kuwa nilikaa nao chini tukipara samaki pamoja. Usiku, ukishalala, ni mimi niliyeyapanga majina yale, lipi ni la samaki mkubwa na lipi ni la mtoto wake, maana watu walikuwa wakiyachanganya.

Kijitabu kilipotoka kiwandani babako alikuja nacho pamoja na halwa. Jina lake lilikuwa juu ya jalada. Ndani, ukurasa wa shukrani, baada ya mkuu wa idara, dereva na mpiga chapa, paliandikwa: "Na mke wangu, kwa subira yake." Nilisoma nimesimama jikoni. Nikampa hongera, na niliitoa moyoni, kwani nilimpenda. Lakini subira, mwanangu? Miaka ile miwili sikuwa nimekaa nikisubiri kitu.

Babako hakuwa mtu wa dhuluma. Aliandika kama walivyoandika wenzake wote, na ile fomu ya ofisini kwake ilikuwa na mstari mmoja wa jina la mwandishi. Hakuniuliza, nami sikumwambia. Miaka mitatu baada ya kumzika akaja kijana mmoja mtafiti kuziangalia daftari zile za dikoni. Akafungua. Magamba yamegandia kwenye pembe za kurasa, makavu, yanang'aa kama kucha, na penseli imeanza kufifia. Akasema, "Marehemu alikuwa na mwandiko mzuri sana." Nikamwambia, "Mwandiko ule ni wangu." Akanitazama kwa adabu, akatabasamu, kisha akaendelea kuandika kwenye kibandiko chake: Daftari za Marehemu.

Usiku ule nililia, na sikulia kwa ajili ya kijitabu. Nililia kwa sababu aliyeweza kuthibitisha neno langu alikuwa Kikowani, chini ya udongo.

Basi nisikilize. Tasnifu yako ni mtihani wako, itabeba jina lako peke yako, hilo nalijua. Lakini makala utakazozitoa humo si mtihani. Majarida mengi siku hizi hutaka mseme wazi nani alibuni swali, nani alikusanya, nani alichanganua, nani alichora, nani aliandika. Kabla hujatuma hata moja, kaa na mkeo, mzime simu, myajibu hayo mmoja mmoja, na mtie tarehe. Wala usimpe jina kama zawadi ya mke. Mpe kilicho chake.

Na usiniambie ni kuhesabu tu. Mwaka ule kabla hamjaondoka uliniambia wewe mwenyewe, hapa barazani, matope ya Mikindani bado yako miguuni, kwamba mkeo ndiye aliyegundua kuwa kaa wa gando moja, upande ule yanakoingilia maji machafu, wingi wao si sawa na wa chini ya michu, ile mikoko, upande wa pili, na kwamba kwa ajili hiyo ulihamisha fremu zako za kuhesabia kaa. Uliniambia kwa furaha. Hilo ndilo swali la utafiti wako, mwanangu, na limetoka kwake. Nalikumbuka vizuri kwa sababu nilijisikia kama ni mimi ninayesemwa.

Akikataa jina lake kuwekwa, kwa sababu zake, mheshimu. Lakini kwenye shukrani andika jina lake kamili na kazi aliyoifanya. Neno subira lisiwemo.

Binamu yako anasafiri kuja huko wiki ijayo. Nimempa halwa, pilipili ya kusaga, na daftari moja kati ya zile, ya pili, yenye jalada la kijani, ambayo yule kijana hakuichukua kwa kuwa ilikuwa chini ya kitanda changu. Umkabidhi mkaza mwanangu mkononi mwake. Kwenye ukurasa wa tafi kuna jina nililoliandika kwa penseli, unyevu ukalila nusu, na macho yangu hayalioni tena. Yeye amezoea kusoma vitu vidogo. Mwambie akilipata anipigie, hata ikiwa usiku.

Mamako