Tusiwakatize walionusurika

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumzie jambo ambalo sisi Wapemba tumezoea kulifunika kwa neno subira. Meli ya Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, mdogo wangu alikuwamo, akanusurika kwa kushikilia godoro hadi kulipokucha. Aliporudi tulimsomea dua, na kila alipoanza kusimulia tulimwambia amshukuru Mungu aliyemtoa. Mimi nilikuwa wa mwanzo kumkatiza, nikidhani ninamhurumia.

Kwa miaka mingi hakuweza kulala taa ikiwa imezimwa, na harufu ya dizeli bandarini ilitosha kumrejesha nyumbani akitetemeka. Wapo waliosema ana shetani. Sikubishana nao, ila hata waliompunga hawakumponya. Nafuu ilianza siku mzee mmoja, baharia mstaafu, alipomkalisha barazani akamwuliza, "Maji yalikuwa baridi?", kisha akamwacha aseme hadi adhana ya Magharibi. Leo anawafundisha watoto wa mtaa wetu kuogelea, ingawa mwenyewe akipanda boti bado hubana tasbihi mkononi mpaka vidole vinakufa ganzi.

Wazee wa aina hiyo ni wachache. Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya iweke washauri nasaha katika vituo vya afya vya vijijini, na masheha na maimamu, ambao ndio hutangulia kufika penye msiba, wapewe mafunzo ya kusikiliza, kwa sababu hitma ikishasomwa na majamvi kukunjwa, aliyeumia hubaki peke yake.

Msomaji wako,
Wete, Pemba