Jamani, hiyo dawa ya meno kwenye kamera hapana

Ndugu Mhariri,

Ule ukurasa wenu wa vidokezo vya nyumbani huwa siupiti, mengi mnayoandika yanasaidia, ila hili la juzi la kutoa mikwaruzo kwenye skrini ya kamera kwa dawa ya meno naomba mnipe nafasi niliseme, maana mmeliandika kama vile kamera zote ni moja, na sisi tunaokula kwa kupiga picha za harusi na send-off tunajua mtu akisoma hivyo leo, kesho yuko kwa fundi na skrini imeota ukungu anauliza itatoka lini.

Haitoki.

Dawa ya meno ina chembechembe za kusugua, ndo maana inang'oa uchafu kwenye meno. Ukiipaka kwenye skrini haizibi mkwaruzo hata kidogo, inachofanya ni kuila plastiki ya pembeni taratibu mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Kwa plastiki ngumu ambayo haijapakwa kitu chochote juu yake sawa, inaweza ikasaidia, sikatai. Wenye zile Nikon za zamani kama D80 na D90 wanajua zilikuja na kava la plastiki la kuchomeka juu ya skrini, unalichomoa na kulirudisha, sasa hilo hata ukilisugua mpaka likaisha shauri yako, unatafuta lingine maisha yanaendelea. Hapo tu ndo ushauri wenu unasimama.

Kamera nyingi za sasa skrini zake zimepakwa utando wa kupunguza mng'ao, ule unaokusaidia uione picha hata ukiwa nje juani. Ni mwembamba mno, huuoni wala huusikii kwa kidole, na mikwaruzo mingi midogo imeishia hapohapo kwenye utando haijafika hata kwenye kioo. Ukija na dawa ya meno yako unaubandua wote pale uliposugua, unabaki na doa lina rangirangi kama petroli iliyomwagika kwenye maji, na mkwaruzo wa mwanzo ulikuwa unauona mpaka uigeuze kamera upande, doa sasa unaliona muda wote. Na kama mkwaruzo ni wa kina, kucha inakwama ukipitisha, basi kwenye kioo dawa ya meno itasugua mpaka wiki ijayo bila kuufikia. Mafundi wa vioo wana unga wao maalum wa kung'arishia na wanatumia maji mengi, kitu ambacho kwenye kamera hukijaribu kama unaipenda, maji yanapenya pembeni ya skrini yanaingia ndani.

Na kilichonitisha zaidi, Mhariri, ni picha mliyoweka pale juu. Ni ya lenzi! Mtu asiyejua akiangalia anapaka dawa ya meno kwenye lenzi, na utando wa kule ndo roho ya kioo chenyewe, ukiuchubua kila picha ukipiga kuelekea kwenye taa inakuwa nyeupenyeupe haina nguvu. Skrini ikikwaruzika picha zako haziguswi, zinatoka safi vilevile. Hili watu wengi hawalijui, mtu anauza kamera kwa bei ya kutupa kisa skrini ina michirizi, wanunuzi wajanja wanashukuru Mungu.

Ila wanunuzi nao wana la kuangalia. Kamera za mtumba kuna ujanja mmoja, muuzaji anapaka mafuta ya mgando kidogo anafuta juujuu, mikwaruzo inapotea kabisa. Si uchawi, mwanga ukipita kwenye yale mafuta unapinda karibu sawa na ukipita kwenye plastiki, kwa hiyo mafuta yakijaa kwenye ufa jicho halioni tena kama kuna ufa. Siku mbili tatu mafuta yakifutika mikwaruzo yote inarudi na muuzaji simu hapokei. Kabla hujatoa hela omba kitambaa kikavu ufute mwenyewe, tena ufute haswa.

Kabla ya kusugua kitu chochote, angalia kwanza kama kilichokwaruzika ni protekta. Watu wengi wananunua kamera hawajui juu ya skrini kuna karatasi ya plastiki aliyoibandika mwenyewe wa kwanza, unaingiza ukucha kwenye kona unaivuta polepole inatoka na mikwaruzo yake yote, chini skrini mpya. Kama ni skrini yenyewe na haikuzuii kuona picha kama imeshika fokasi, iache, bandika protekta juu, mingine hutaiona tena. Kama inakuzuia, muulize fundi kama kwenye modeli yako kioo cha juu kinabadilishwa peke yake au kimegundishwa na LCD, yaani ile sehemu ya chini inayoonyesha picha, maana kuna zinazotenganishika na kuna ambazo unabadilisha vyote viwili, na bei hapo ni mbingu na ardhi. Muulize kabla hajafungua, akishafungua hoja zako zimekwisha.

Na mikwaruzo yenyewe inatoka wapi? Mingi ni mchanga. Tunapiga picha za maharusi Coco Beach na Kigamboni, upepo unaleta mchanga, mtu anashika pindo la shati anafuta skrini kwa nguvu, na ule mchanga ni mgumu kuliko kioo. Puliza kwanza kwa kile kipira cha kupulizia, ndipo ufute na kitambaa laini cha miwani, na ukitaka unyevu weka tone kwenye kitambaa usimwage juu ya skrini. Mingine ni ya kile chuma cha kufungia mkanda wa suruali, kamera inaning'inia shingoni inagonga tumbo siku nzima ukumbini, wala huwezi kujua saa ngapi imekwaruzika.

Naomba toleo lijalo mrekebishe, angalau ile picha ya lenzi muitoe. Na ile aya ya mwisho ya kufukia simu iliyoloa kwenye mchele, hata Apple wenyewe wameandika watu wasifanye hivyo, kwa hiyo mkiwa mnarekebisha rekebisheni na hiyo.

Mpiga picha wa harusi,
Temeke, Dar es Salaam