Fremu yako usiipige randa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Sisi wazima, na bibi yako anakusalimu sana. Baiskeli yako ya mbao iko karakanani, nimeitundika juu mvua isiifikie. Unasema ukija likizo utairanda fremu iwe nyembamba, kwa kuwa ni nzito na ndiyo maana haikimbii. Hapana, mama.

Uzito unakuumiza unapoondoka na unapopanda mlima. Sasa hapa Tanga, kutoka Ngamiani hadi Raskazone, mlima uko wapi? Kwenye tambarare, ukishashika mwendo, kinachokula nguvu zako ni upepo. Ukitaka mwendo mara mbili, upepo unakuzuia mara 4, na miguu inadaiwa nguvu mara 8. Tena sehemu kubwa ya upepo huo haigongi mbao, inagonga kifua chako, maana unakaa wima kama umepakia gunia la nazi. Shusha usukani, kunja viwiko, inama. Hapo utapata kasi ambayo randa haiwezi kukupa.

Tuje kwenye mti wenyewe. Mita moja ya ujazo ya mtiki ina kilo 650 hivi, ya chuma karibu 7,850. Mbao ni nyepesi zaidi ya mara 10, ila na kupinda nako inapinda kirahisi zaidi ya mara 10. Inaokolewa na kimo chake, yaani unene wake kutoka juu hadi chini. Boriti ukiiongezea kimo mara mbili, ukakamavu wake unapanda mara 8. Ukikipunguza nusu, unabakiwa na sehemu moja tu katika zile 8. Fremu ikilegea, kila ukikanyaga pedali itayumba, na jasho lako litaishia kuupinda mti badala ya kuzungusha gurudumu.

Ukitaka wepesi, toa mti wa ndani. Pasua boriti kwa urefu, chimba kila nusu kwa patasi ya duara, acha kuta, kisha zirudishe pamoja kwa gundi ya epoksi, uzibane usiku kucha. Mti wa katikati haubebi mzigo mkubwa, kazi iko kwenye nyuso za nje. Karibu na shingo ya usukani usichimbe kabisa. Na uangalie nyuzi za mti zifuate urefu wa boriti. Zikikata mshazari, hapo ndipo patakapopasuka, na hapatakupigia hodi.

Ekseli ya pedali isikae kwenye mbao tupu. Weka bomba la chuma, ulisugue kwanza kwa msasa, gundi haikamati chuma laini. Viungo vya nyuma vizungushie nyuzi za mkonge zilizolowa epoksi. Mkonge umeilisha Tanga hii tangu Hindorf, yule Mjerumani, alipouleta pwani yetu mwaka 1893, na kamba zake zimefunga mizigo mizito kuliko wewe.

Ila ulivyopima kasi sikukubaliana nako. Ulikimbia mara moja tu, barabara ya Pangani kuelekea mjini, kusi ikikusukuma mgongoni, ukaandika namba. Ile ni kasi ya kusi! Toka alfajiri upepo haujaamka. Pima mita 200, ingia kwenye alama ya kwanza ukiwa umeshashika mwendo, nenda na urudi, kisha chukua wastani wa kasi hizo mbili. Sekunde 20 kwa mita 200 ni kilomita 36 kwa saa. Upepo wa tairi uwe ule ule kila mara, na nguo zile zile. Kanga ikipepea inabadilisha hesabu.

Halafu kuna kipimo ninachokiamini zaidi. Shuka kile kimteremko cha nyuma ya kwetu bila kukanyaga, uone inasimama wapi, kisha ufanye hivyo hivyo na Phoenix ya babu yako. Ikisimama mapema sana, tafuta beringi iliyokaza au breki inayosugua rimu, fremu uiache.

Wanaokucheka kwa kuwa ni ya mbao waambie habari za Drais, yule Mjerumani aliyebuni babu wa baiskeli, mwaka 1817 kule Mannheim. Chombo chake cha mbao hakikuwa na pedali wala cheni, alijisukuma kwa miguu chini, na bado alikaribia kilomita 15 kwa saa.

Breki zote mbili nimempa fundi baiskeli azifunge. Kabla hajamaliza, hutoki nayo barabarani. Kofia ngumu njoo nayo kutoka huko huko. Ninazoziona maduka ya hapa ni za pikipiki, zitakulemea shingo ukiinama.

Ni mimi baba yako.