Risala ya Wanachama wa Klabu ya Mbio za Magari ya Saluni ya Zamani kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kufunga Msimu, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya;
Wenyeviti wa vijiji na vitongoji mliotupokea msimu mzima;
Askari wa usalama barabarani na ndugu zetu wa Msalaba Mwekundu;
Mafundi, madereva na waelekezi;
Wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana:

Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanachama wenzangu nakukaribisha sana, na tunakushukuru kwa kuitika mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako ilivyo, na tunajua pia kwamba kuna watu walikuuliza utakwenda kufanya nini kwenye sherehe ya magari chakavu. Risala hii ni ya kukupa jibu la kuwapelekea.

Magari uliyoyaona yamepangwa chini ya mijakaranda si magari ya michezo. Ni saluni, magari madogo ya familia yenye buti, yaliyotoka kiwandani kabla ya mwaka 1986. Yalitengenezwa yampeleke baba kazini na watoto shuleni. Zipo Datsun 1200, Toyota Corolla za KE20 na KE30, Ford Escort, Peugeot 404 na 504, na Volvo 144 moja ambayo mwenyewe haruhusu mtu mwingine kuiosha. Sisi tunayaongezea mkanda wa kisawasawa, fremu ya chuma ndani ya bodi ya kumlinda dereva gari likipinduka, na bamba nene chini ya sampu, yaani bakuli la oili ya injini. Injini inabaki ya aina ileile iliyozaliwa nayo, kabureta inabaki kabureta, na matairi ni yale unayoweza kuyanunua mjini. Tumeweka masharti hayo ili mwalimu, dereva wa daladala na mfanyabiashara waweze kushindana kwenye barabara moja, na aliye na pesa nyingi asiwe ameshinda kabla bendera haijashushwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mchezo huu hatukuuokota ugenini. Mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari, na kwa miaka mingi yalikatiza Kenya, Uganda na nchi yetu wakati wa Pasaka, yaani masika yenyewe, barabara zikiwa tope. Waliokuwa wakishindana walitumia magari ya dukani. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, na mara zote mbili walikuwa ndani ya Peugeot 404, gari ambalo wakati huohuo lilikuwa likibeba abiria na mizigo ya watu wa kawaida.

Katikati hapo, mwaka 1966 na 1967, kombe lilikuja nyumbani. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell, alishinda miaka miwili mfululizo, naye kwa 404. Vijana wetu wengi wanaweza kukutajia madereva wa langalanga wa Ulaya kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, lakini jina la Shankland hawajawahi kulisikia. Sisi tumeamua walisikie, na ndiyo maana 404 yetu imepangwa ya kwanza kwenye mstari.

Na yupo Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho, ambaye alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Mwaka 1965 alishinda Safari pamoja na mdogo wake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumiwa na wengine. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano, nne kati yake mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet ambayo wengi wetu tuliijua kama 160J. Watu hawa walikuwa wa kwetu, na magari yao yalikuwa ya kwetu.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 Safari ilikuwa imebaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Namanga ukafungwa, na kizazi kizima hapa Arusha kikakua bila kuyaona magari yale yakipita. Ilipofika 2003 yakaanzishwa mashindano ya East African Safari Classic, ya magari ya zamani tu, na zaidi ya mara moja yamevuka mpaka yakalala hapa mjini. Baadhi ya waasisi wa klabu yetu walisimama kando ya barabara wakamwona Björn Waldegård, aliyeshinda Safari mwaka 1977 kwa Ford Escort, akirudi akiwa mzee wa zaidi ya miaka sitini na kushinda mashindano ya Classic mwaka 2007 na 2011, huku mwanawe Mathias akimsomea njia. Walipotoka pale ndipo mazungumzo ya kuwa na klabu yalipoanza. Uwezo wa kuingia kwenye mashindano makubwa kama yale hatuna. Tulichokuwa nacho ni magari ya baba zetu yaliyokuwa yameegeshwa nyuma ya nyumba, na mafundi waliokuwa bado wanayakumbuka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, niseme kuhusu mafundi hao, maana bila wao hatuna klabu.

Msimu huu tuliufungua kwenye barabara za mashamba ya mkonge kule Tanga, ambazo ni nzuri na zinadanganya. Zimenyooka kabisa, dereva anakanyaga mafuta, halafu inakuja kona ya pembe mraba isiyo na onyo. Usiku wa siku ya kwanza Corolla moja ya KE20 ilirudi kambini ikitoa moshi mweupe na maji yakichemka kwenye rejeta. Gasketi ya silinda hedi, kizibo chembamba kinachokaa kati ya injini na kifuniko chake cha juu, ilikuwa imekwenda. Hakuna duka mkoani linalouza gasketi ya gari hilo kwa jina lake. Fundi wetu mkuu, mzee mnayemwona amekaa pale mstari wa pili, aliwaambia vijana wakatafute gasketi ya Toyota LiteAce yenye injini ya 4K. Wakaleta moja. Mzee akaiweka kwenye taa, akapitisha kidole gumba kwenye tundu la silinda, akairudisha: "Hii ya 5K. Nimewaambia 4K."

Alikuwa sahihi. Injini ya Corolla ile ni 3K, na silinda zake zina upana wa milimita 75 sawasawa na za 4K. Za 5K ni milimita 80.5. Vijana wakarudi mjini usiku huohuo wakapata ya 4K. Hedi ikasafishwa, ikapimwa kwa rula ya chuma kuona kama haijapinda, kisha mzee akasimamia ukazaji wa bolti, kuanzia za katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, bila kumruhusu mtu kuharakisha. Alfajiri gari likawaka. Aliyeshika taa usiku kucha ni mshindani wa karibu kabisa wa gari lile katika daraja lake, na asubuhi waliondoka wakifuatana.

Maarifa kama hayo hayajaandikwa mahali popote kwa lugha yetu. Yamo kichwani mwa wazee wachache ambao walianza kushika spana wakati magari haya yakiwa mapya. Wanajua kwamba vipuri vingi vya Datsun 1200 vinaweza kutoka kwenye pikapu ndogo za Nissan zilizoendelea kuunganishwa Afrika Kusini hadi 2008, kwa kuwa injini zao ni za ukoo mmoja. Wanajua kipi cha 504 utakipata Kirinyaga Road jijini Nairobi na kipi bado kipo Gerezani, Dar es Salaam. Wanasikiliza injini ikinguruma wanakuambia ni kabureta inayovuta hewa au ni pointi za distribyuta zilizoungua. Mwaka huu tumewazika wawili wa aina hiyo. Tuliwazika kwa heshima zote, wanachama tukabeba jeneza, lakini walichokuwa wakikijua hatukuwa tumekipokea chote, na hilo linatuuma.

Kutoka Tanga tulikwenda Morogoro, ambako mvua ilitunyeshea hadi hatua ya mwisho ikabidi ifutwe kwa usalama wa watu. Kisha tukamalizia nyumbani, Monduli. Hapa nataka kuwashukuru wenyeviti waliopo. Tulipowapelekea ratiba, walituonyesha kwamba siku tuliyochagua ni siku ya mnada wa ng'ombe, na barabara yetu ndiyo njia ya mifugo. Tukaahirisha mbio kwa siku moja. Tangu hapo tumeiweka kwenye kanuni za klabu: hakuna mbio siku ya mnada, hakuna mbio bila kikao na wazee wa eneo, na watazamaji hawasimami upande wa nje wa kona hata kama dereva ni mtoto wao. Msimu umekwisha bila mtazamaji kuumia. Wamo vijana wa Monduli waliosimama juani kutwa nzima na vibendera kuhakikisha hilo, nao leo watapewa vyeti kwa mkono wako.

Lipo jambo lingine la kufurahisha. Katika magari yaliyomaliza Monduli, zaidi ya moja lilikuwa na mwelekezi wa kike. Mwelekezi ndiye anayeshika kitabu cha njia, anahesabu kilomita na kumwambia dereva kona inayokuja kabla dereva hajaiona. Akikosea tarakimu moja, wote wawili wako mtaroni. Mabinti zetu wameifanya kazi hiyo kwa utulivu uliowashinda kaka zao wengi, na mmoja wao sasa anajifunza kufungua gia boksi kwa fundi mkuu kila Jumamosi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na hayo, yapo yanayotukwamisha.

Kubwa kuliko yote ni kwamba magari haya yanakatwa. Miezi michache iliyopita tulipata habari za Peugeot 404 iliyokuwa nyumbani kwa marehemu mwalimu mmoja, haijatembea miaka mingi lakini bodi yake nzima. Tulichangishana, tukaenda na lori la kuibeba. Tulikuta doa la oili kwenye nyasi, vipande vya kioo cha taa, na usukani ukiwa juu ya banda la kuku. Kilichobaki kilikuwa kimepimwa kwa kilo na kwenda kuyeyushwa. Hatuwalaumu waliouza, kwani familia ilihitaji pesa na hakuna aliyewaambia kwamba wangeweza kupata zaidi kwetu. Lakini hayo yanatokea kila wilaya, na yanatokea pia kwenye yadi za taasisi za umma, ambako saluni za zamani zimelala kwenye majani zikisubiri mnada wa vyuma chakavu.

Tunaomba, Mheshimiwa, utufikishie ombi hili kwenye ngazi zinazohusika: magari ya zamani yaliyomo kwenye yadi za umma yatangazwe kwa klabu kama yetu kabla hayajauzwa kwa wakataji wa vyuma. Hatuombi tupewe bure. Tunaomba tuambiwe, tupewe muda, tushindane kwa bei.

Pia tunaomba utusaidie kuonana na wenzetu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Wazee wetu wako tayari kufundisha bila malipo siku za Jumamosi. Wanachohitaji ni karakana yenye umeme na meza, na vijana wenye moyo. Kijana anayejua kurekebisha kabureta na kunyoosha bodi kwa nyundo atapata pia riziki kwenye mashine za kusaga, pampu za maji na matrekta ya zamani ambayo bado yanalima wilaya hii.

La mwisho ni ushuru. Gari kuukuu linapoingizwa nchini hutozwa ushuru wa uchakavu, na tunaelewa sababu: nchi haitaki kuwa jalala la magari mabovu. Lakini bodi ya gari la mwaka 1968 inayoletwa kwa ajili ya kuhifadhiwa na kushindana mara chache kwa mwaka haikuja kujaza barabara. Tunaomba suala hili litazamwe, hata kwa kuanza na utaratibu wa kusajili magari ya kihistoria.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii utakabidhi vikombe na vyeti. Kabla ya hapo tunalo ombi dogo. Peugeot 504 ile nyeupe, ya tatu kutoka kushoto, imeandaliwa kwa ajili yako. Fundi wetu mkuu ndiye atakayeendesha, nawe utakaa kiti cha mwelekezi, mzunguke uwanja huu mara moja wananchi wakuone. Helmeti iko kwenye kiti, na mkanda tumeupima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu,
Kwa niaba ya wanachama wote