Kasha lisiloagizwa

Rukia mwanangu,

Assalaam alaikum. Huku sote wazima. Goti la bibi yako limepoa kidogo, na anakuuliza kama huko Leeds unapata muhogo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umesema rafiki zako wameiona kwenye picha kamera ya kasha la mbao niliyoichonga na wameipenda, na kwamba nikikaza mkono nitengeneze nyingi, watalii pale Forodhani watazigombania. Najua unanitakia kheri. Lakini sitaki, na nimeona nikuandikie, maana simu yetu hukatika kila ninapofika penye utamu.

Wewe umekua ukiniona seremala wa kuagizwa. Mteja huja na kipimo chake, huchagua mbao, hukata bei, hutaja siku. Akitaka mlango wa mvule nachonga mvule. Akija na kitanda alichokiona kwenye simu, chenye maua yasiyofanana na ua lolote, nayachonga hayohayo. Silalamiki, ndiyo kazi iliyokusomesha. Ila kasha hili hakuliagiza mtu. Hakuna aliyenipa urefu wala upana, na hakuna anayepiga hodi kuuliza limefika wapi. Siku nikianza kuliuza, wa kwanza atanunua, wa pili atataka lipakwe rangi ya buluu.

Sasa nikueleze lilivyo ndani. Kamera, ukiivua mbwembwe zake zote, ni chumba cha giza chenye tundu moja. Wewe mwenyewe umeziona kazi za tundu kabla hujajua kamera. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, watu walikwenda Rujewa, Mbeya, kuliona likigeuka pete. Sisi Unguja tulipata kupatwa kwa sehemu tu, nawe ukarudi skuli ukisema chini ya mwembe mchanga umejaa hilali. Kila upenyo baina ya majani ulikuwa unachora picha ya jua vile lilivyokuwa juu, limeliwa upande. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyehamia Cairo, alikwishaandika risala nzima juu ya umbo hilo la jua lililopatwa linapopita kwenye tundu dogo, na hiyo ni miaka elfu moja hivi iliyopita. Alichokosa ni filamu tu.

Mbao ni mfenesi, kipande kilichobaki kwenye kasha la biharusi. Nilidhani ugumu utakuwa kwenye kuuingiza mwanga. Kumbe kazi yote ni kuuzuia. Mwanga hupita pasipopita maji. Hupita kwenye kiungo unachokiona wewe kimekaza, hupita pembeni ya kitasa, hupita hata kwenye ufa wa rangi. Kwa hiyo kifuniko nimekichonga ulimi, na ukingo wa kasha nimeuchimba mfuo, ili mwanga ukitaka kuingia ulazimike kukata kona mbili, na mwanga haujui kukata kona. Ndani ya mfuo nimelaza utepe wa mahameli nyeusi. Kuta za ndani nimezivika buibui kuukuu la mamaako, upande usiong'aa, kwa idhini yake. Kisha usiku nikatia taa ya simu ndani, nikafunga, nikazima taa za nyumba nzima nikawa nalizungusha kasha mkononi nikitafuta nyota. Mamaako alisimama mlangoni akaniangalia, akarudi kulala bila kuuliza kitu. Ndoa yetu imefika huko.

Tundu lenyewe limetoka kwenye kopo la soda. Unakata kibati, unakigandamiza kwa ncha ya sindano ya kushonea mpaka kitoe chunusi upande wa pili, unaisugua ile chunusi kwa msasa laini, unarudia mpaka sindano ipenye kidogo sana. Likiwa pana, picha inakosa ukali. Likiwa jembamba kupita kiasi, mwanga wenyewe unatawanyika ukingoni na picha inakosa ukali vilevile. Baina ya hayo mawili kuna kipimo: chukua umbali kutoka tundu mpaka filamu, langu ni milimita 50, zidisha kwa urefu wa wimbi la mwanga, milimita 0.00055, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 1.9. Unapata milimita 0.3 na ushei. Mimi ambaye mstari wangu wa penseli ni mnene kuliko hapo! Nilikwenda kwenye duka la steshenari, yule kijana akakilaza kibati juu ya skana, nukta 1,200 kwa inchi, tukahesabu nukta za tundu kwenye kioo cha kompyuta. Zikifika 14 au 15, basi. Alikataa kuchukua pesa, alikuwa anaona raha kuliko mimi.

Filamu ni ile ya kawaida ya milimita 35, yenye matundu pembeni. Inatoka kwenye kikopo chake kipya na kuingia kwenye kikopo kitupu cha zamani, hivyo hakuna kurudisha nyuma. Utajuaje kama umeivuta kiasi? Nimekata ulimi wa plastiki kwenye chupa ya maji, ncha yake inadondokea kwenye matundu ya filamu na kulia tik. Picha moja ni matundu manane. Ukisikia tik nane, acha. Sehemu hii naipenda kuliko zote, na kwenye picha ya simu haionekani kabisa.

Lenzi sikutia. Kuna mzee mmoja wa mji wa Kyjov, huko Cheki, Miroslav Tichý, aliyefariki 2011. Yeye alijiundia kamera kwa maboksi, vigurudumu vya uzi na mipira ya nguo, na lenzi alizichonga kwa plastiki ngumu akazing'arisha kwa dawa ya meno na majivu ya sigara. Kamera zake nazivulia kofia. Picha zake sizipendi, aliwapiga wanawake wa mjini kwao bila kuwauliza.

Kusafisha picha nako tunafanya jikoni. Mwaka 1995 mwalimu mmoja na wanafunzi wake katika Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa ya unga inaweza kuitoa picha kwenye filamu. Unachanganya na magadi ya kufulia na vitamini C. Harufu yake ni mbaya, usiniulize. Maji yetu ni ya moto mno, kwa hiyo beseni nalizungushia barafu ya juisi ya mamaako. Dawa ya kuikamatisha picha isiharibiwe na mwanga bado ni ya dukani, hiyo kahawa haiiwezi.

Sasa sikia. Kamera hii inakuja kwako na binamu yako Ijumaa. Mwambie aiweke kwenye mkoba wa mkononi, na wewe filamu zako usizitie kamwe kwenye mzigo mkubwa wa ndege, mashine zao huziunguza. Nunua filamu nyeusi na nyeupe ya ISO 100, yaani kipimo cha wepesi wake wa kushika mwanga. Jua likiwaka, fungua kibati cha mbele kinachofunika tundu, sema Bismillahi, funga. Tundu hili linataka sekunde moja tu. Lakini kwa mawingu ya huko ninayoyaona nyuma yako kila ukipiga simu, weka kamera juu ya ukuta usiotikisika, fungua, soma Alfatiha yote taratibu, ndipo ufunge. Filamu ikipigwa na mwanga hafifu kwa muda mrefu huchoka, inataka kuongezwa muda kuliko hesabu inavyosema. Watu wanaopita mbele hawatatokea, wanatembea kasi kuliko tundu linavyoona. Ukimtaka mtu atokee, mwambie akae na wewe mpaka Aamin.

Zikiisha, zisisafishwe huko dukani. Kiache kikopo kama kilivyo, uje nacho likizo. Kahawa ninayo.

Babaako