Gharama ya mbwa mdogo haiko kwenye sahani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini mwako tuseme kidogo kuhusu mbwa wadogo wanaogawiwa bure hapa Malindi kila masika yanapokaribia. Msimu wa wageni ukiisha na nyumba za Casuarina na Silversands zikifungwa, Maltese, Chihuahua, Jack Russell na machotara wao hubaki kwa mlinzi, kwa mpishi, au kwa jirani aliyeona haya kukataa. Wengine huishia barabarani mpaka mtu mwenye huruma awaokote. Anayempokea huambiwa neno moja: "Huyu hali sana." Ni kweli, hali sana. Ila chakula ndicho kilicho rahisi kuliko vyote katika hesabu ya mbwa huyu, na anayegawa aghalabu anajua.

Tukimalize hicho chakula kwanza. Mbwa mzima wa kilo 5 aliyehasiwa anahitaji kama kalori 370 kwa siku. Chakula kikavu cha dukani kwa kawaida kina kalori 350 hadi 380 katika gramu 100, basi gramu 100 kwa siku zinamtosha. Hizo ni kilo 3 kwa mwezi, kilo 36 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya duka lako. Anayempikia nyumbani ampe wali au ugali na samaki aliyetolewa miiba, au dagaa waliooshwa chumvi ikatoka, wala asimmwagie mchuzi. Kitunguu, kiwe kibichi au kimeiva, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili zinatosha kumdhuru. Kwa mbwa wa kilo 4 hicho ni kitunguu kimoja cha wastani. Alsatian wa kilo 35 angelamba sufuria hiyo hiyo akaenda zake kulala.

Udogo huo huo ndio unaowaponza watu kwenye agroveti. Sindano ya ivermektini, dawa ya kuua vimelea, ya asilimia 1 imepimiwa ng'ombe: mililita 1 kwa kilo 50. Kwa kipimo hicho mbwa wa kilo 4 angepata mililita 0.08, kiasi kisichosomeka kwenye bomba la mililita 5. Mtu akivuta mililita nzima kwa kuwa anaiona kidogo, amemtia zaidi ya mara 12. Mbwa hupepesuka, mboni za macho hutanuka, huweza kupofuka kwa muda na hata kupoteza fahamu. Dawa ya kuifuta haipo. Ni dripu, kumtia joto na kumkesha siku kadhaa, na bili ya hapo hulipa dawa halali ya kupe ya miezi mingi. Amitrazi, dawa ya kupe ya kuoshea ng'ombe, nayo ina hatari zake: humlegeza mbwa, mapigo ya moyo yakashuka na mwili ukapoa. Mwenye Chihuahua aiache kabisa, na mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 4 asiguswe nayo.

Nunua kidonge au matone ya shingoni yaliyoandikwa uzito wa mbwa wako, na usigawe dozi ya mbwa mkubwa kwa wadogo watatu ili kuokoa pesa. Uzito wenyewe usikisiwe. Mizani ya bafuni ikikosea nusu kilo, kwa mbwa wa kilo 4 hilo ni kosa la zaidi ya sehemu ya kumi, kwa hiyo mpeleke apimwe kwenye mizani midogo kwa daktari.

Katika bajeti, dawa ya kupe ni ya miezi 12. Pwani hatuna baridi ya kuwapunguza, na kupe wa kahawia wa mbwa haishi majanini tu. Hupanda ukutani akajificha katika nyufa za nyumba za mawe ya matumbawe na kwenye makuti, akataga mayai kwa maelfu. Ukimtibu mbwa ukaiacha nyumba, mwezi ujao utaanza upya. Kupe huyo ndiye anayeleta ugonjwa wa erlikia: homa, ufizi mweupe, damu puani. Tiba yake ya kawaida ni antibiotiki ya doksisaiklini kwa siku 28. Kapsuli ya binadamu ina miligramu 100, na mbwa wa kilo 5 huhitaji kama 50 kwa siku, kwa hiyo daktari ndiye atakayeonyesha namna ya kuigawa. Mpe pamoja na chakula na maji ya kusukumia, kwa maana ikikwama kooni huchoma. Siku ya tatu mbwa ataamka na kutikisa mkia, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Ugonjwa hurudi, na safari ya pili huwa ghali kuliko ya kwanza.

Kisha meno, gharama ambayo hakuna anayeitaja. Chihuahua ana meno 42, sawasawa na Alsatian, yamebanana katika taya lisilozidi kidole cha mtu. Ukoga hujaa upesi, ufizi hurudi nyuma, na mbwa wa miaka mitano anaweza kuwa ameoza meno hali bado anakula kama kawaida. Dalili moja hupoteza watu: uvimbe chini ya jicho, unaopasuka ukatoa usaha. Mwenye mbwa hununua dawa ya macho wiki baada ya wiki, kumbe ni mzizi wa gego la juu ulioota jipu. Kung'oa jino kwa mbwa mdogo ni kazi ya dawa ya usingizi na ya mkono mtulivu, maana taya la chini likishaliwa na ugonjwa huvunjika kwa nguvu kidogo tu. Mswaki laini wa mtoto kila siku hupunguza gharama hiyo. Dawa ya meno ya binadamu usitumie. Mbwa hajui kutema.

Akichukuliwa akiwa mchanga, subiri kumhasi mpaka afikishe kama miezi 6, umwombe daktari amtazame meno ya utoto siku hiyo hiyo. Kwa mbwa wadogo chonge za utoto mara nyingi hazidondoki. Ziking'olewa ndani ya usingizi ule ule, umelipia dawa ya usingizi mara moja. Mtoto mdogo sana asishindishwe njaa usiku kucha kabla ya upasuaji, kwani sukari hushuka.

Mengine ni madogo. Mkanda uwe wa kifuani, usiwe wa shingoni, maana koromeo la mbwa hawa ni dhaifu. Maltese na Shih Tzu hunyolewa kila wiki 6 hadi 8, na wakitoka baharini waoshwe kwa maji baridi ya bomba. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, mbwa awe mkubwa au mdogo. Mtoto apewe chanjo ya magonjwa ya parvo na distempa kuanzia wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16.

Wenye nyumba wanaorudi Italia nao tuna neno nao. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya umezilegezea masharti ya kichaa cha mbwa. Mbwa hutiwa kwanza chipu ya utambulisho chini ya ngozi, huchanjwa akiwa ametimiza wiki 12, hutolewa damu si chini ya siku 30 baadaye ikapimwe katika maabara inayotambuliwa na Umoja huo, kisha hungoja miezi 3 tangu siku ya damu. Anayetaka kusafiri naye mwishoni mwa Aprili aanze kabla ya Krismasi. Akikumbuka Machi, mbwa atabaki.

Na akibaki, asitupiwe mtu bila kuulizwa. Majirani zetu wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwao ni najisi ya kuosha chombo mara saba, moja kwa udongo. Mbwa aliyezoea kulala kochini hawezi kuingizwa katika nyumba hiyo. Atafungwa getini juani, na lawama itamwangukia mlinzi ambaye hakumwomba.

Kwa wahisani wanaouliza walete nini: magunia ya chakula sasa yametosha, msilete mengine. Lipieni kusafishwa meno ya mbwa mmoja, au dawa ya kupe ya mwaka kwa wawili, mkilipa moja kwa moja kwa daktari mkapewa risiti. Anayegawa mbwa naye amkabidhi mpokeaji kadi ya chanjo, uzito uliopimwa wiki hiyo, na jina la dawa ya kupe ya mwisho na tarehe aliyopewa. Bila tarehe hiyo mpokeaji atarudia dozi kabla ya wakati.

Wahudumu wa afya ya wanyama,
Malindi