Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: tuzimieni taa za gatini

Mheshimiwa Mkurugenzi, salamu na heshima zote, na pole na majukumu, najua ni mengi manake barua zetu zote bado zinasubiri zamu yake.

Safari hii naandika hadharani kwa sababu ya asubuhi ya Jumanne. Usiku kulikuwa na mawingu mazito na manyunyu, zile taa zenu mpya za gatini zikawaka mpaka kunakucha kama kawaida yake, hakuna boti hakuna mtu. Tunaenda kufungua nyavu zetu za kunasia ndege tunakuta shoro, vile vindege vidogo vinavyohama, wamelala chini ya ule ukuta wa vioo, wengine bado wanahema mdomo wazi. Mmoja alikuwa na pete yetu mguuni, ile ya namba tunayowavisha ndege kisha tunawaachia. Huyo tulimpima wenyewe juzijuzi, ukimpuliza manyoya ya kifuani unaona mafuta ya njano chini ya ngozi, yaani kashajiwekea akiba ya safari anasubiri kuondoka tu.

Na wewe sio mgeni hapa Mheshimiwa. Msimu uliopita ulishikishwa ndege kama huyo ukashangaa ana gramu 10 tu, uzito wa karatasi mbili, ambazo ndizo hizo hizo ungetumia kutujibu. Ukapigwa picha, ukasema mbele ya watu kwamba msimu wa ndege taa zitakuwa zinazimwa usiku. Picha mmeitundika. Taa je?

Kuna aliyetuambia eti wanakufa na baridi. Jamani! Hawa wadogo wengi wao wanasafiri usiku, wanajiongoza kwa nyota na sumaku ya dunia, sasa mawingu yakishuka wanavutwa na mwanga wanauzunguka weee mpaka wachoke au wagonge kioo. Nani aliagiza ziwake usiku kucha sijui, nahisi ni mkandarasi, au kuna mtu anaogopa wezi, au ni ili gati lipendeze kwa mbali.

New York kila Septemba 11 wanawasha mwanga mkubwa wa kukumbuka waliokufa, na ndege wakizidi 1,000 mle ndani wanauzima kama dakika 20. Watafiti waliufuatilia katika miaka saba tofauti wakaona ukizimwa ndege wanatawanyika ndani ya dakika chache tu. Wale wana msiba na wanazima, sisi tuna gati tupu tunashindwa nini?

Halafu hesabu zetu nazo zinaharibika. Nyavu tunatega pale pale, saa zile zile, kila msimu, ndio mwaka na mwaka ulinganishwe. Sasa tukinasa wengi tuseme msimu ni mzuri au taa ndio zimewashusha? Na kazi yenyewe unaamka kabla ya alfajiri, matope mpaka magotini, mbu, kila nusu saa unakagua nyavu, betri za tochi tunanunua wenyewe, wenzangu kadhaa wameshaacha na siwalaumu.

Nilitaka niseme na ya matete yanayofyekwa ila basi, hilo siku nyingine. Hatuombi jengo wala bajeti. Taa tu Mheshimiwa, taa, msimu huu tu upite. Mawingu yameanza kukusanyika tena na swichi iko kwenye kibanda cha mlinzi, yeye kasema akipigiwa na wewe mwenyewe anazima muda huo huo. Mpigie leo kabla giza halijaingia.

Mvisha pete mmoja wa kituo cha ziwani